Prefe na Kitabu cha Uzi wa Viatu

Tangu nikiwa na miaka kumi na minne nimekuwa na nia mbaya na kitabu cha Prefe. Sisemi nia mbaya na Prefe mwenyewe. Yeye nilimpenda, bado ninampenda, na nimemwombea afya kanisani kuliko nilivyowahi kuwaombea wajomba zangu. Ila heri niseme mapema: nusu ya maombi yale ilikuwa ya kitabu. Mzee akiondoka, kitabu kitabaki na nani? Swali hilo lilikuwa likinijia nimepiga magoti, macho nimefumba, uso wa mtakatifu, na sikuweza kulifukuza.

Tulimwita Prefe kwa sababu alikuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari huku Ndosho, mtaa wa Goma, na kwetu mkuu wa shule anabaki prefe hata akistaafu, hata shule ikijengwa upya na kupakwa rangi nyingine. Sikumbuki kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Mke wake alikuwa Mama Prefe. Mbwa wao aliitwa mbwa ya Prefe, na tulimpisha njiani kama mtu mwenye cheo.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi nene ya Kifaransa, iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine ya Wazungu, juu ya nchi ambayo miungu yake imelala chini ya ziwa. Mfalme wa nchi hiyo anaapa kwamba hatafumba macho mpaka miungu waamke. Kutokana na kiapo hicho kinazuka kila kitu: vita, ndoa, farasi anayesema, Malkia anayefuma ukungu, na safari ndefu ya taifa zima kulizunguka ziwa. Wanaojua mambo hayo wanasema ni kitabu cha heshima, mojawapo ya vile vilivyozaa vingine vingi. Prefe alikisoma upya kila mwaka. Alikianza siku shule ilipofunga kwa likizo kubwa, na alihakikisha amekimaliza kabla haijafunguliwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anarudia kitu anachokijua mwanzo hadi mwisho.

"Weye unaenda ku misa kila siku ya Mungu," akanijibu. "Padri alikuambiaka habari mupya?"

Hakumwazima mtu kitabu hicho. Zamani aliwahi kumwazima padri mmoja kamusi, na padri akahamishiwa Ulaya pamoja na kamusi. Kwa hiyo ukiomba kitabu Prefe alikuangalia kwa huruma na kusema, "Kama padri alishindwa kurudisha, weye utaweza?" Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kuvumilia kuona watoto wanamtazama yeye akisoma. Akabuni njia yake. Alikifumua kitabu kwenye mshono, akakigawa vipande vipande kama mama anayegawa mkungu wa ndizi, na akawa anatuazima kipande kimoja kimoja. Ili upate kipande cha pili, ulitakiwa kuja uani kwake, usimame juu ya jiwe la lava karibu na jiko, na usimulie kipande cha kwanza mbele ya wote waliokuwepo. Waliokuwepo walikuwa Mama Prefe, majirani waliokuja kuomba moto wa mkaa, na yeyote aliyekuwa akipita na kuona watu.

Hapo ndipo ulipokuwa ukaidi wake wa ajabu. Shuleni, Prefe alikuwa adui wa Kiswahili. Ukikisema darasani ulifagia uwanja, na uwanja wa Ndosho ni vumbi jeusi la volkano lisiloisha hata ufagie mpaka uzeeke. Nyumbani kwake mambo yaligeuka. Mimi mara ya kwanza nilipanda juu ya jiwe nikiwa nimejiandaa wiki nzima, nikaanza kwa Kifaransa cha kupindua mdomo, nikisema "majesté" kila baada ya neno. Akaniacha niendelee kidogo, kisha akainua mkono.

"Shuka. Kama haukuisikia mu Kiswahili, haukuisikia."

"Lakini Prefe, ku shule munasema..."

"Ku shule ni ku shule. Hapa iko na mama anapika maharagi. Musimulie yeye."

Basi nikamsimulia Mama Prefe, na huo ukawa mtihani mgumu kuliko mtihani wa serikali. Mama Prefe alikuwa mfanyabiashara wa maharage na viazi kutoka Kibumba, mtu wa hesabu za gunia, na hakuruhusu jambo lipite bila maelezo. Tulipofika kwenye safari ya taifa lile, ambapo watu wanaacha mji wao na kukimbia na bendera, panga na mifupa ya mababu, alitua mwiko.

"Batu wote bale wanakimbia, na hakuna hata mama moja alibeba sufuria?"

Nikatazama karatasi. Hakukuwa na sufuria.

"Wakifika kule watapika mu nini? Mu kofia ya mufalme?"

"Mama," Prefe akasema kwa upole, "ile ni mitolojia."

"Mitolojia haisikiake njaa?" Akageukia majirani. "Uyu muzungu mwenye aliandika, hajakimbiaka hata siku moja."

Majirani wakakubaliana naye mara moja, kwa sababu hapo uani hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kukimbia. Wakaanza kumsahihisha mwandishi. Mmoja akasema godoro lazima liwepo. Mwingine akasema wazee hawawezi kuzunguka ziwa kwa miguu, lazima wapandishwe kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Wa tatu akauliza mbuzi wako wapi. Prefe alinung'unika kwamba tunaua sanaa. Likizo iliyofuata nilipoazima kipande kile niliona ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *marmites*, yaani sufuria, na chini yake, *chèvres?*, mbuzi

Kuhusu ushujaa, Prefe alikuwa na mdomo mpana na miguu myepesi. Alipofundisha sura ya Jemadari, yule kijana anayelinda daraja peke yake ili wengine wavuke, sauti ilimtetemeka na tai ikampinda. Lakini mjini ikisikika tetesi yoyote, hata ya mtu aliyepasua tairi, Prefe alikuwa wa kwanza kufunga mlango. Suti ameshavaa, begi liko mkononi, anatuambia sisi tulioduwaa barabarani, "Mutaenda lini? Munangoja mualiko?" Jemadari wake alikufa amesimama. Yeye alitaka kufa ameketi, mbali na hapo, akiwa mzee sana, na alilisema wazi bila aibu. Mimi niliyekuwa nikimcheka kwa hilo nilikuwa kila mara nyuma yake kwa hatua chache tu.

Mlima wetu ulipotema moto mara ya mwisho, na baada ya siku kadhaa tukaambiwa asubuhi kwamba mji uondoke, nilimkuta njia ya Sake katikati ya watu. Mama Prefe alikuwa mbele na sufuria zake tatu, moja ndani ya nyingine, akitembea kama mtu anayewahi soko. Prefe alikuwa nyuma, suti ya kijivu, na mgongoni amefunga kitenge kama mama anayebeba mtoto. Ndani ya kitenge kilikuwemo kitabu. Kamioneti ikasimama, wanawake waliokuwa juu wakaanza kusogeana.

"Papa, panda na mutoto! Mutoto atakufa na mavumbi!"

Nilitegemea mtu aliyenifagisha uwanja kwa ajili ya neno moja la uongo angesema ukweli. Prefe akapanda. Mama mmoja akanyoosha shingo.

"Ule mutoto halie?"

"Amelala," akasema Prefe.

"Anaitwa nani?"

Prefe akataja jina la Jemadari. Yule mama akasema ni jina zuri, la kabila gani? Mimi nilikuwa nimeshapanda pia, kwa kisingizio kwamba mimi ni dada wa mtoto, kwa hiyo siwezi kujifanya msafi.

Sasa nieleze habari ya fundi viatu, maana hapo ndipo nilipojiaibisha kuliko mahali pengine popote. Kitabu kilichofumuliwa hakiwezi kukaa vipande maisha yote. Likizo moja, miaka mingi kabla ya ule moto wa mlima, ningali mwanafunzi, vipande vyote viliporudi, vingine na mafuta ya mawese, kimoja na alama ya kidole kidogo cha uji, Prefe alivipeleka kwa fundi viatu wa pale kona ya soko avishone. Fundi alikuwa hodari wa viatu. Alikishona kwa uzi mweusi uliopakwa nta, akakitia gundi ya soli na ngozi mgongoni, na kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kazi safi, akazikata kingo zote kwa kisu chake mpaka zikawa sawasawa. Namba za kurasa zilikuwa kwenye kingo. Zikaenda na takataka za ngozi.

Isingekuwa neno kama vipande vingekuwa katika mpangilio wake. Havikuwa. Kipande cha vita vya darajani, anamokufa Jemadari, kilishonwa kabla ya kipande cha ndoa, ambamo Jemadari anaingia ukumbini amechelewa, ana tope miguuni, anaketi na kuomba pombe. Sisi tuliosoma toleo la fundi viatu, ambao kipande cha ndoa hakikuwa kimetufikia kabla ya hapo, tulimzika Jemadari kwa machozi, na kurasa chache baadaye tukamkuta harusini. Hatukushangaa sana. Kitabu kilikuwa na farasi anayesema na miungu waliolala majini, sasa mtu mmoja kurudi kutoka kaburini ingekuwa shida gani? Tuliona ni jambo la siri kuu. Tulilijadili. Mimi nililijadili kuliko wote.

Nikaenda Bukavu kusoma chuo kikuu, nikipanda boti na mzigo wa kiburi ambao kapteni hakuutoza nauli. Katika somo la fasihi tukaambiwa tuchague kazi kubwa ya visasili na tuandike. Nikaandika juu ya ufufuko wa Jemadari. Niliandika kurasa na kurasa: kwamba mwandishi kwa makusudi haelezi jinsi alivyofufuka, kwamba tope miguuni ni udongo wa kaburi, kwamba pombe anayoomba ni maji ya uzima. Naona bado haya nikiikumbuka ile sehemu ya pombe. Profesa alisoma, akaniita mbele ya wenzangu, akaniuliza kwa adabu kabisa kama kitabu nimekisoma kweli.

"Mara nyingi," nikasema.

"Jemadari anakufa na hafufuki, madame. Harusi inakuja kabla ya vita. Tope ni kwa sababu kulikuwa kunanyesha."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikamwambia profesa kwamba huenda yeye alisoma toleo baya. Darasa likacheka pamoja nami kwa muda mfupi, kisha likanicheka mimi, na kwa miaka yote niliyokaa Bukavu watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu kile walikuwa wakiniita Ufufuko.

Noeli ikanikuta kwenye boti narudi Goma na hasira zangu. Nilitoka bandarini moja kwa moja hadi kwa Prefe, hata kwetu sikupita. Nilimkuta anamenya viazi na Mama Prefe, kazi aliyoifanya vibaya, akiondoa ganda pamoja na nusu ya kiazi. Nikamweleza yote: profesa, harusi, tope, jina. Nikamwambia fundi viatu amenikosesha uso chuo kizima, na kitabu kifumuliwe leo leo kishonwe upya.

Prefe akaendelea na kiazi chake.

"Niliijua," akasema.

"Muliijua nini?"

"Kwamba fundi alikosea. Miye niliisomaka kabla yenu wote, mara mingi, ingali nzima. Siku alinirudishia, niliona mara moja."

"Na mukatuacha?"

Hapo akaweka kisu chini. "Kila mwaka nilikuwa namuzika ule kijana. Kila likizo. Najua siku atakufa, najua fasi atakufa, nasoma polepole ili tusifike, na tunafika. Sasa fundi viatu akamurudisha ku ndoa. Miye ni nani nimuondoshe ku kiti?"

"Lakini si ya kweli, Prefe."

"Nilizika batu wengi mu hii muji," akasema, "na hakuna hata mumoja alirudi kuketi ku ndoa. Uyu mumoja muniachie."

Mama Prefe alichukua kile kiazi kutoka mkononi mwake, akamalizia kukimenya. Mimi nililia pale, kwa sauti, kwa sababu miaka ile hapakuwa na nyumba Ndosho ambayo haikuwa imeweka kilio, yetu ikiwemo, na kwa sababu nilikuwa nimekuja kugomba juu ya alama za mtihani.

Tangu siku hiyo tamaa yangu ya kitabu haikupungua, ilizidi. Nilikuwa na sababu mpya. Baadaye simu zilipokuwa na kila kitu, mpwa wangu alinitafutia kitabu kile kizima. Nikafurahi, nikajifungia chumbani, nikakisoma kwenye kioo kidogo mpaka macho yakaniwasha. Harusi ikapita. Vita vikaja. Jemadari akafa, nikageuza kurasa zilizofuata moja baada ya nyingine, na akaendelea kufa. Nikakifuta. Duniani kote, kwa ninavyojua, nakala ambayo kijana yule anarudi ilikuwa moja tu, na ilikuwa inanuka gundi ya soli.

Na mimi nikaanza kampeni. Nilimpelekea Prefe fromaji ya Masisi, ile jibini yetu, sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa vizuri, maziwa ya mgando ndani ya chupa. Nilijenga mazoea ya kusema, kama mtu anayewaza tu kwa sauti, kwamba vitabu vya wazee vinaishia kufungia karanga. Prefe alikula fromaji na kukubali kwamba ni jambo la kusikitisha. Mama Prefe alinisoma kirahisi kuliko mimi nilivyowahi kusoma kitu. Akiniona getini na kifurushi alipaza sauti, "Leo fromaji ni ya Prefe ao ni ya kitabu?" Nami nilicheka kwa sauti kubwa mno.

Nilipewa ruhusa ya kukisoma pale pale uani, nimeketi, mikono imenawishwa. Kwa hiyo nilikirudia na mimi, likizo hadi likizo, na nikagundua kwamba kitabu hakibadiliki, aibu ndiyo inayohama. Nikiwa na miaka kumi na minne nilitaka kuwa Malkia wa ukungu. Nilitembea Ndosho nzima polepole, kidevu juu, bidoni ya maji kichwani, mpaka nikajikwaa kwenye jiwe na kuoga maji yote mbele ya vijana. Nilipofika miaka ishirini na kitu nilimtaka Jemadari, nikamtafuta mjini kwa bidii, nikaolewa na muuza mabati, mtu mwema ambaye hajawahi kushika upanga na anayeogopa panya. Sasa nina miaka arobaini na zaidi, ninafundisha historia, nina magoti mabovu, na anayenigusa moyo ni yule mpishi wa ikulu anayetajwa mara moja tu, anapoulizwa kama supu iko tayari. Nikifika kwake ninasimama. Ninataka kujua alilala saa ngapi.

Nilipomwambia Prefe hivyo alifurahi kuliko siku niliyopata diploma. "Sasa unaanza kusoma," akasema. Kisha akaharibu kwa kuongeza kwamba ningefika hapo mapema kama nisingekuwa na kichwa kigumu.

Mama Prefe alifariki msimu wa mvua kubwa, ghafla, akiwa ametoka kupima maharage. Prefe alibaki uani peke yake na jiko la baridi kwa muda ambao hatukuupenda, mpaka binti yake mkubwa akaja kumchukua akaishi naye Kyeshero, karibu na ziwa. Nilikwenda kumtembelea, mwanzoni mara nyingi, kisha si mara nyingi, kwa visingizio vya kazi ambavyo vyote vilikuwa vya kweli. Akaanza kupoteza vitu. Alipoteza majina kwanza. Halafu Kifaransa chake, kile alichotufagisha uwanja kwa ajili yake, kikaanza kutoka kidogo kidogo kama unga kwenye gunia lililotoboka. Aliniita kwa majina ya wanafunzi wengine, kisha hakuniita kabisa.

Juzi juzi binti yake alinipigia simu.

"Yaya, kuya ubebe ile kitabu ya Papa," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Haifungue tena. Anaweka kikombe juu yake. Batoto wa hapa watapasula, na najua miaka yote uliitaka."

Miaka yote. Kumbe mji mzima ulijua. Naomba ieleweke kwamba nilimhurumia Prefe, na naomba ieleweke pia kwamba nilikuwa nimeshavaa viatu kabla hajakata simu. Nilichukua kikapu kikubwa, nikatia ndani mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, na kitambaa laini cha kukifungia. Njiani juu ya pikipiki nilipanga nitakiweka kabati gani.

Nilimkuta amekaa kibarazani, koti amevaa, tai imefungwa na mtu mwingine. Alinijibu salamu kwa adabu nzuri ya kumjibu mgeni. Binti akakileta kitabu, akakifuta duara la chai kwenye jalada, akanikabidhi mikononi. Nikakifunga kitambaa, nikakitia kikapuni, nikakifunika. Ilichukua dakika chache tu, baada ya miaka thelathini. Halafu nikaletewa chai, na kwa kuwa ilikuwa ya moto sana, na kwa kuwa ni vibaya kuchukua kitu na kuondoka kama mwizi, nikaketi.

"Mule mu kikapu muko nini?" Prefe akauliza.

"Kitabu, Prefe."

"Inasema nini?"

Nikafikiri nimsomee ukurasa mmoja, wa kuagana. Nikakitoa, nikaanza mwanzo kabisa, kwa Kifaransa. Alikunja uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Nikaacha, nikaugeuza kwa Kiswahili: nchi, ziwa, miungu waliolala, Mfalme anayesimama ufukweni na kuapa kwamba hatafumba macho.

Prefe akasogeza kiti.

"Na hakulala?"

"Hakulala."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Prefe."

"Ule mufalme ni mujinga," akasema kwa furaha kubwa, na akacheka mpaka binti yake akatoka kuangalia. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akimsema Mfalme isipokuwa kwa heshima. "Endelea. Endelea kwanza."

Nikaendelea. Farasi aliposema mara ya kwanza alinishika mkono. Malkia alipotokea kwenye ukungu alivuta pumzi na kuizuia. Mtu aliyekuwa amekisoma kitabu hiki kuliko mtu yeyote wa Kivu alikuwa anakisikia leo kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo mimi, nikiwa na miaka kumi na minne juu ya lile jiwe, nadhani sikuwa nayo. Nilimwonea wivu. Nasema bila kuficha, nilimwonea wivu mzee mgonjwa. Kisha nikamwonea uchungu, na mstari uliofuata nikausoma mara mbili.

"Miungu wataamuka?" akaniuliza.

"Sijui bado," nikasema.

Chai ilikuwa imepoa na mvua ilikuwa inajikusanya upande wa mlima. Binti akaniambia kwa upole kwamba barabara ya Ndosho itajaa matope. Nikakifunga kitabu kitambaa, nikakirudisha kikapuni, nikasimama. Prefe alikuwa anakiangalia kikapu.

"Mama, unasoma muzuri," akasema. "Jina yako ni nani?"

Nikamwambia. Alilipokea kwa adabu, halikumfikisha popote.

"Na ile kitabu ni ya nani?"

Binti akanitazama. Alikuwa amenipa, kwa mikono yake miwili, mchana kweupe. Neno moja tu lilitakiwa, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu utotoni.

"Ni yenu, Prefe," nikasema.

"Ya miye?" Alishangaa kama mtu aliyeambiwa ana kiwanja kando ya ziwa na hakuwa na habari. Alimtazama binti yake, binti akatikisa kichwa kukubali. "Basi uiache hapa. Nataka kujua mambo ya ule mufalme."

Nikakitoa, nikamwekea magotini. Akakiwekea mikono yote miwili juu. Nilirudi Ndosho juu ya pikipiki na kikapu kitupu, mvua ikininyeshea, nikijitukana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili njia nzima, mpaka dereva akaniuliza kama ninasema na yeye.

Kesho yake nilifundisha vibaya, na kengele ilipolia nikaenda Kyeshero. Prefe alikuwa pale pale kibarazani, kitabu magotini. Alinijibu salamu kama mgeni, akanikaribisha kiti, kisha akainama kunielekea na kushusha sauti ili watu wa ndani wasisikie.

"Mama, niko na kitabu hapa. Sijui ni nani aliniletea. Kama uko na nafasi, tuianze."

Nikavua viatu vyenye tope, nikaketi, nikafungua ukurasa wa kwanza.